Wakala Aliyetangaza Msiba wa Mwaka 1994: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha API ya Mitandao ya Kijamii Mombasa

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili, waliojiandikisha na huduma ndogo ya taarifa za usafiri mjini Mombasa, Kenya, walipokea ujumbe kwenye simu zao ukisema kwamba feri imezama Mtongwe, kwamba watu wengi wamepoteza maisha, na kwamba anayekwenda Pwani ya Kusini kwa gari apitie barabara ya Dongo Kundu. Hakuna feri iliyokuwa imezama asubuhi hiyo. Iliyozama ni MV Mtongwe, tarehe kama hiyo mwaka 1994, ikaua watu 272, wengi wao wakiwa wanavuka kwenda kazini kisiwani. Watu walikuwa wakiwakumbuka marehemu wao mitandaoni, kama wafanyavyo kila mwaka siku hiyo ifikapo, na programu iliyokuwa ikisoma maneno yao ikayachukua kuwa habari ya saa ile.

Kampuni iliyoendesha huduma hiyo ni ya vijana wachache wenye ofisi upande wa Tudor. Sitaitaja, wala sitamtaja mtoa huduma wa data waliyemtegemea. Waliniomba nisome nao kumbukumbu za mfumo tangu mwanzo hadi mwisho, kisha wakakubali niandike tulichokiona, maana wapo wengi hapa pwani wanaojenga vitu vya aina hii sasa, na kosa lililotokea Tudor limekaa tayari katika programu nyingi ambazo hazijakutana bado na siku yake.

Huduma yenyewe ilianza kwa nia njema, nami naiheshimu nia hiyo. Anayeishi Mombasa anajua uzito wa kivuko cha Likoni, kinachounganisha kisiwa na Pwani ya Kusini: magari na watembea kwa miguu huvuka kwa feri hizo hizo, na feri moja ikiharibika saa za msongamano, mama mwenye mzigo wa kupeleka soko la Marikiti, mwanafunzi na mgonjwa wa kliniki wote hukwama ng'ambo kwa pamoja. Habari ya kuharibika huko huanza kwa abiria wenyewe, wanaopiga picha foleni na kuiweka mtandaoni kabla taarifa rasmi haijatoka. Vijana waliona kwamba mashahidi wa kweli wapo, wanasema hadharani, na hakuna anayewakusanya kwa manufaa ya aliye bado nyumbani akijifunga kanga atoke.

Kwa hiyo walijiunga na mtoa huduma wa kati, anayeuza API moja, yaani mlango ambao programu hupitia kuomba data, inayokusanya machapisho ya mitandao kadhaa na kuyarudisha yote katika umbo moja la JSON, mpangilio wa maandishi ambao programu huusoma kwa urahisi. Njia hii ya kupitia mtu wa kati ina sababu zake. Mwaka 2023 Twitter, ambayo sasa inaitwa X, iliondoa usomaji wa bure wa data yake, ikaweka daraja la chini la dola 100 kwa mwezi na baadaye daraja la kati la dola 5,000. Mwezi Julai mwaka huo huo Reddit ilianza kutoza dola 0.24 kwa kila maombi 1,000, na programu mashuhuri ya kusomea Reddit, Apollo, ilikwisha kufungwa mwishoni mwa Juni kwa kushindwa kubeba gharama hiyo. Kisha Agosti 2024 Meta, mmiliki wa Facebook, ikaizima CrowdTangle, zana ya kufuatilia yanayosambaa mitandaoni ambayo watafiti na waandishi wa habari duniani kote walikuwa wakiitegemea. Kampuni changa ya Mombasa haiwezi kulipa kila mlango peke yake, na aliyekwisha kuilipia milango hiyo akauza njia moja ya kuipitia yote, bei yake huonekana nafuu. Unafuu huo huambatana na jambo ambalo mkataba haukulieleza, yaani mtu wa kati, katika kuyafanya machapisho ya mitandao tofauti yafanane, huamua kipi kibaki na kipi kitupwe.

Juu ya API hiyo waliweka wakala wa akili unde, yaani programu inayoamua na kutenda yenyewe bila kuamriwa kila hatua. Kila baada ya dakika chache aliomba machapisho mapya yenye maneno kama feri, Likoni, Mtongwe na kivuko, akayapitisha kwenye modeli ya lugha, programu iliyofunzwa kusoma na kuandika maandishi, iliyoagizwa kupima kama kuna tatizo la usafiri, na modeli ikiona tatizo, wakala huyo huyo alikuwa na zana ya kuandika ujumbe na kuutuma kwa wote waliojiandikisha. Kwa miezi alifanya kazi vizuri. Alitambua feri iliyoharibika injini, alitambua foleni ya sikukuu, na watu wakamzoea kiasi cha kupanga safari zao kwa maneno yake. Mazoea hayo ndiyo yaliyoupa ujumbe wa tarehe 29 Aprili nguvu yake.

Sasa tufuate mnyororo wenyewe. Chapisho la kwanza lililosomwa asubuhi hiyo lilikuwa la ukumbusho, limeandikwa miaka kadhaa nyuma, likiwa na picha ya zamani ya magazeti na maneno machache kuhusu feri ya Mtongwe na waliofia humo. Mwandishi wake hakutaja mwaka, kwa kuwa aliwaandikia watu wanaoujua. Asubuhi hiyo watu walilisambaza upya. Katika mtandao wa asili, chapisho lililosambazwa hubeba mihuri miwili ya wakati, mmoja wa kuandikwa na mmoja wa kusambazwa, pamoja na namba ya utambulisho ya chapisho la asili. Mtoa huduma wa kati alikuwa na sehemu moja tu ya wakati katika umbo lake la JSON, na akaijaza kwa wakati wa kusambazwa. Namba ya chapisho la asili aliitupa kabisa. Wakala, kwa upande wake, alipokea maandishi ya msiba yenye muhuri wa dakika chache zilizopita, na hakuna kitu chochote mbele yake ambacho kingemwonyesha vinginevyo.

Wengi waliosikia kisa hiki waliilaumu modeli kwanza. Mimi sianzii hapo. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akikabidhiwa karatasi zile zile, zimefutwa tarehe na kupigwa muhuri wa leo, angetoa hukumu ile ile, labda kwa mikono inayotetemeka. Kosa la modeli lipo, lakini lilikuja baadaye.

Lilikuja pale wakala alipotafuta uthibitisho. Vijana walikuwa wameweka sharti la busara, kwamba habari kubwa isitumwe mpaka ionekane katika machapisho kadhaa ya watu tofauti. Sharti hilo lilitimizwa kwa urahisi mkubwa, kwa sababu watu wengi walisambaza ukumbusho ule ule, na kila usambazaji ulihesabiwa kuwa shahidi anayejitegemea. Hapa pana jambo ambalo wanaojenga mawakala wanapaswa kulikazia macho: mitandao ya kijamii imejengwa ili sauti moja irudiwe na wengi, kwa hiyo kuhesabu akaunti hakusemi lolote kuhusu idadi ya walioona kwa macho. Anayetaka mashahidi wawili lazima kwanza aweze kutambua kwamba maneno mawili yametoka kinywa kimoja, na hilo haliwezekani bila namba ya chapisho la asili, namba ile ile iliyotupwa njiani.

Halafu wakala alituma. Alikuwa na uwezo wa kutuma, hakuna mtu aliyekaa kati ya hukumu yake na simu za watu, na ujumbe ukaondoka.

Mzee mmoja wa Mtongwe alipiga simu ofisini kabla hata vijana hawajajua kilichotokea. Aliyepokea alimwamkia, na mzee akamjibu kwa upole kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilimzika mke wangu kwa ajali hiyo. Leo simu yako inaniambia kuna nyingine, na binti yangu ametoka kuvuka sasa hivi." Kijana alimwambia, "Tuwie radhi baba, hakuna feri iliyozama, ni kosa letu," akakaa naye kwenye simu mpaka binti alipopatikana. Ninaliandika hili kwa sababu madhara ya habari ya uongo huzungumzwa mara nyingi kwa lugha ya jumla, na hapa yalikuwa na mlango wa nyumba na jina la mtoto.

Mfumo ulizimwa asubuhi hiyo hiyo. Tulipozisoma kumbukumbu zake tuliona kwamba ujumbe wa pili ulikuwa tayari umeandikwa ukisubiri zamu. Ujumbe huo uliwahimiza watu kuzichangia familia za wahanga, na uliweka namba ya simu ya kupelekea pesa. Namba hiyo wakala aliitoa ndani ya chapisho la mtu asiyejulikana, aliyeandika chini ya ukumbusho kwamba mifumo yote inayotoa taarifa iambatishe namba yake ya mchango. Kila Mkenya ameshapata meseji ya kumwambia ile pesa aitume kwa namba hii, na amejifunza kuipuuza. Wakala hakuwa na malezi hayo. Kwake, maneno ya walioandika mtandaoni na maneno ya walioajiri yalifika katika mkondo mmoja wa maandishi, na sentensi iliyoandikwa kwa sauti ya amri ilisomwa kuwa amri.

Hatari hii ya kupenyeza maelekezo ndani ya data inajulikana tangu mwaka 2022, na shirika la OWASP, linaloshughulikia usalama wa programu, limeiweka ya kwanza katika orodha yake ya hatari za programu zinazotumia modeli za lugha. Hakuna maneno ya kuionya modeli yanayoiziba kabisa. Kinachosaidia ni mpangilio wa madaraka: anayesoma maneno ya watu wasiojulikana asiwe ndiye mwenye mkono wa kutuma, kulipa au kufuta. Nikilazimika kuchagua badiliko moja tu la kuwapelekea vijana wengine wanaounganisha API za namna hii na mawakala, ningechagua hilo, hata kabla ya suala la tarehe.

Ndivyo ulivyojengwa upya mfumo wa Tudor. Wakala wa kwanza husoma machapisho na kutoa fomu fupi yenye sehemu zilizopangwa: mahali, aina ya tatizo, wakati wa tukio, namba za machapisho ya asili, na kiwango cha mashaka. Hana zana nyingine yoyote. Fomu hiyo hukaguliwa na msimbo wa kawaida, usio na modeli ndani yake, ambao hukataa namba za simu na viungo vya tovuti visivyo katika orodha iliyoidhinishwa. Habari ya foleni au ya feri moja kusimama hupita yenyewe. Habari ya kifo, kuzama, moto au mlipuko haipiti mpaka mtu wa zamu aithibitishe kwa kupiga simu kwa aliye kivukoni au kwa kuona taarifa ya mamlaka inayoendesha feri. Kijana mmoja alihofia kwamba hatua hiyo itachelewesha habari ya kweli siku itakapotokea. Hofu yake ni ya haki, nami sikuidharau. Lakini kwenye ajali halisi waokoaji hawaitwi na huduma ya foleni, na abiria aliyecheleweshwa dakika chache kujua hajaumizwa kama yule mzee alivyoumizwa.

Kuhusu wakati, tulichimba zaidi ya ile sehemu moja ya JSON, na tulikuta makosa madogo yaliyokuwa yakiishi humo kwa miezi bila mtu kulalamika. API hurudisha wakati kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, na sehemu fulani ya programu ilisahau kuongeza tofauti hiyo. Lakini shida kubwa zaidi ilikuwa ndani ya maandishi yenyewe. Abiria wa Likoni akiandika kwamba feri imesimama tangu saa moja asubuhi, anasema jua limeshachomoza na watu wanakwenda kazini. Modeli iliyolelewa kwa maandishi ya Kiingereza huielewa kuwa saa saba ya usiku wa manane, ikaona habari imepitwa na wakati, ikaitupa. Abiria wa pili, katika foleni hiyo hiyo, huandika 7am kwa tarakimu na kusomwa sawasawa. Kwa hiyo mfumo ulikuwa ukiwasikia zaidi wanaoandika kwa mtindo wa Kiingereza na kuwapuuza wanaoandika kama wanavyozungumza nyumbani, na hakuna mtu aliyeamua iwe hivyo. Sasa kuna hatua ndogo kabla ya modeli inayobadilisha saa za Kiswahili kwa kuangalia neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku linaloziandamia, na kuzilinganisha na muhuri wa chapisho.

Jambo hili linagusa pengo kubwa zaidi ya kampuni moja. Katika nyaraka za API ya X, orodha ya lugha ambazo msanidi anaweza kuzichuja ina Kiamhari, Kiaislandi na Kiwelisi, lakini haina Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu ambayo UNESCO imeipa siku yake duniani, tarehe 7 Julai. Chapisho la Kiswahili huweza kubandikwa lebo ya lugha nyingine, kama Kiindonesia au Kitagalogi, au kubaki bila lebo. Vijana wa Tudor waliligundua hilo mapema na kuacha kuchuja kwa lugha. Matokeo yake walipokea pia machapisho ya Dar es Salaam, ambako watu wa Kigamboni nao wana feri yao, foleni yao na malalamiko yanayofanana neno kwa neno na ya Likoni. Kutenganisha hizo mbili kwa maneno peke yake ni kazi ngumu. Ilibidi wategemee majina ya mitaa, majina ya vyombo vyenyewe na historia ya mahali ambako mwandishi huandika habari zake.

Hapo ndipo suala la faragha lilipoingia, kwa kuwa kujua mtu huandika akiwa wapi ni kujua jambo kuhusu maisha yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaruhusu kukusanya taarifa ambazo mhusika mwenyewe ameziweka hadharani, na wasanidi wengi husoma ruhusa hiyo kisha wakafunga kitabu. Kifungu cha 25 cha sheria hiyo hiyo kinaendelea kudai kwamba taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi, ziwe kiasi kinachohitajika tu, zisihifadhiwe kupita haja, na ziwe sahihi. Ujumbe wa tarehe 29 Aprili ulivunja hilo la mwisho waziwazi. Yale mengine yalivunjwa kimya kimya, maana hifadhidata ya Tudor ilikuwa na nakala kamili za machapisho ya miezi yote, majina na picha za waliomboleza zikiwemo, hata ya wale waliokwisha kuyafuta wenyewe. Mkataba wa wasanidi wa X pia humtaka mwenye nakala aifute pale mwandishi anapoiondoa. Sasa jina la akaunti hubadilishwa kuwa msimbo mara tu chapisho linapoingia, maandishi hufutwa baada ya muda mfupi, na kinachobaki ni fomu ile fupi ya tukio.

Mambo ya ufundi yaliyobaki yalikuwa mepesi kidogo. Namba za machapisho ya X zina biti 64, na JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kwa aina yake ya kawaida ya namba haihifadhi kwa uhakika namba kamili iliyozidi 9,007,199,254,740,991. Zikisomwa kama namba badala ya maandishi, tarakimu za mwisho hubadilika na chapisho la asili halipatikani tena. Sehemu moja ya programu ya Tudor ilikuwa na kasoro hiyo, na ingekwamisha marekebisho yote kama isingeonekana. Vilevile, wakala alipokuwa akijibiwa kwa msimbo 429, unaomaanisha kwamba maombi yamezidi kikomo, alirudia kuomba papo hapo na kujiongezea adhabu na gharama. Sasa husubiri muda unaoongezeka kila mara, na matokeo yaliyokwisha kupatikana huhifadhiwa kwa dakika chache ili swali lile lile lisilipiwe mara mbili. Msimbo wote unaozungumza na mtoa huduma umewekwa pahali pamoja, nyuma ya umbo la data walilolibuni wenyewe, ili siku atakapopandisha bei au kufunga, kama wakubwa walivyofanya mwaka 2023 na 2024, wabadilishe upande mmoja tu.

Mtoa huduma aliandikiwa kuhusu ile sehemu ya wakati. Alijibu kwamba ataongeza muhuri wa chapisho la asili katika toleo lijalo, bila kusema lini. Kwa sasa, kila usambazaji unaogusa habari nzito hufuatwa hadi mtandao wa asili ili kuipata tarehe yake ya kwanza, na ukikosekana uthibitisho wa tarehe hiyo, habari huchukuliwa kuwa ya zamani.

Machapisho ya asubuhi ile, yakiwa yameondolewa majina na picha, yamekusanywa katika faili moja la majaribio pamoja na chapisho la namba ya mchango, malalamiko kadhaa ya Kigamboni na sentensi zenye saa za Kiswahili. Modeli mpya ikitolewa, au maelekezo ya wakala yakibadilishwa hata neno moja, faili hilo hupitishwa kwanza, na wakala akitangaza msiba wowote humo, badiliko halisogei mbele. Hivi karibuni walijaribu modeli ya bei nafuu iliyokuwa ikisifiwa kwa kasi. Ilizisoma saa vizuri, ikaitenga Kigamboni na Likoni, kisha ikaiandika ile namba ya simu ndani ya fomu. Msimbo wa ukaguzi uliikamata namba hiyo kabla haijafika popote, lakini vijana hawakuridhika kuwa na ukuta mmoja tu kati ya tapeli na simu za watu wa Likoni, wakairudisha modeli ya zamani na kuendelea kuilipia.